GARI LISIFE KWA KUKOSA NGUO

Nyuma ya ofisi moja ya umma kisiwani Pemba, chini ya mwembe, limeegeshwa gari la Land Rover la zamani lenye chesi fupi. Msomaji asidhani kwamba gari hilo ni bovu. Tulipolikuta, dereva wake alipiga stata mbele yetu na injini ikawaka mara moja, ikanguruma kama iliyokuwa ikingojea safari. Ila yake ni moja tu, nayo ni kwamba halina paa. Turubai lake lilichanika wakati wa masika, likashonwa kwa uzi wa magunia, likachanika tena ubavuni mwa mshono, na mwishowe upepo wa kusi ukalimaliza vipande vipande. Barua iliandikwa kuomba jipya. Jibu likaja kwamba turubai la namna hiyo huagizwa ng'ambo, na kwamba fedha za kuagizia hazikuwamo katika makadirio ya mwaka. Basi gari likasukumwa chini ya mwembe kungoja makadirio mengine. Viti vimekwisha kuota ukungu, sakafu imejaa majani yaliyooza, na kuku wa jirani wamepaona kuwa ni mahali pema pa kutagia.

Hatuitaji ofisi hiyo, maana si yenye kosa kuliko nyingine, na waliokuwamo walitupokea kwa heshima. Lakini tuliondoka hapo na swali ambalo tungependa kuliweka mbele ya wakubwa wetu na mbele ya wananchi kwa jumla. Katika visiwa ambamo watu wameshona matanga tangu kabla ya kuzaliwa babu zetu, ni jambo gani linalozuia kipande cha turubai cha kufunika watu wanane kisishonwe hapa hapa?

Tuanze na gari lenyewe, kwani wengi hulipanda bila ya kujua asili yake. Land Rover ilibuniwa mwaka 1947 na Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover ya Uingereza, ambaye alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey huko Wales. Kwa hiyo gari hili kwa asili ni mtoto wa kisiwani. Lilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi wa Aprili 1948. Vita vilikuwa vimekwisha miaka mitatu tu, na chuma cha pua kilikuwa kikigawiwa kwa kipimo. Ndiyo maana bodi yake ikaundwa kwa alumini, na paa lake likawa turubai lililotandazwa juu ya matao ya bomba. Umaskini wa wakati ule ndio uliolipa gari hili sifa zake. Alumini haishiki kutu kama bati la kawaida, na turubai linaweza kuvuliwa, kukunjwa na kushonwa na mtu yeyote mwenye sindano nene na subira. Magari ya ukoo ule yaliendelea kuundwa hadi tarehe 29 Januari 2016, siku ambayo la mwisho lilitoka kiwandani Solihull. Tangu hapo yaliyopo ndiyo yaliyopo, na anayeacha moja lioze chini ya mwembe asitaraji kuletewa pacha wake.

Upande wa pili wa habari hii ni kitambaa. Zanzibar ilitia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, katika enzi ya Sayyid Said bin Sultan, na balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard Waters wa mji wa Salem, akafika Unguja mwaka 1837. Shehena kubwa ya merikebu za Salem ilikuwa kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, ambacho mpaka leo wazee wetu hukiita merikani. Kilivaliwa, kilizikiwa, na katika misafara ya bara kilitumika badala ya fedha. Na matanga ya majahazi yetu, baada ya zama za mtepe uliokwenda kwa tanga la mkeka, yakawa ya pamba nzito, marudufu, yaliyoshonwa kwa mkono ufukweni. Mtu aliyezowea kushona tanga la jahazi, ambalo hubeba upepo wa siku tatu bila kupumzika, hawezi kutishwa na paa la gari linalokwenda maili thelathini kwa saa kutoka Wete hadi Konde.

Tulikwenda kwa fundi mmoja wa namna hiyo, mtu mzima, tukamweleza habari ya gari la chini ya mwembe. Hakuuliza mchoro wala kitabu. Aliuliza maswali matatu tu: matao yapo au hayapo, kitambaa ni cha pamba au cha plastiki, na nani atalipa na lini. Tutayafuata maswali yake kwa utaratibu huo huo, kwa kuwa ndani yake mna elimu yote ya kazi hii.

Matao ndiyo mifupa. Katika gari la asili ni mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki, yaliyokunjwa kama upinde, yakasimamishwa juu ya kingo za bodi na kuunganishwa kwa vyuma vya urefu. Yakiwapo hata kama yamepinda, yanyooshwe yatumike. Yasipokuwapo, bomba la maji la robo tatu ya inchi litafaa. Kulikunja bila ya kulibana kifua kuna siri moja ambayo mafundi bomba wanaijua: lijazwe mchanga mkavu, lizibwe ncha zote mbili kwa vigingi vya mti, kisha likunjwe polepole kwa kulizungusha kwenye rimu la gurudumu au gogo la mviringo. Mchanga uwe mkavu kweli kweli. Wala lisitiwe motoni, maana zinki ikiungua hutoa moshi mweupe unaomlaza mtu kitandani kwa homa, na mchanga wenye unyevu ukipata moto hugeuka mvuke, bomba likapasuka mkononi mwa fundi.

Hapa lazima tuseme neno juu ya chumvi. Mahali ambapo bolti ya chuma inagusa alumini, na hewa ya bahari ipo kati yao, alumini huliwa kidogo kidogo na kugeuka unga mweupe. Madereva wetu huuona unga huo na kudhani ni vumbi la barabara. Dawa yake haigharimu kitu. Kata vipande vya mpira kutoka katika tyubu kuukuu, uweke kila mguu wa tao juu ya kipande cha mpira, na bolti nayo ipakwe grisi na kuvishwa pete ya mpira. Tumeona bodi zilizotoboka mahali pa matao tu, na pengine pote zima kama zilivyotoka kiwandani.

Ama kitambaa, watu wamegawanyika. Turubai la plastiki la kufunikia malori hupatikana madukani, haliozi, na mvua haipiti kabisa. Kwa sababu hiyo wengi hulikimbilia. Lakini lina kasoro mbili ambazo huonekana baada ya mwaka. Kwanza halipumui, na joto na jasho la abiria hukaa chini yake, likagandamana na mabomba na kuyaotesha kutu kwa ndani. Pili, kila tundu la sindano katika plastiki hubaki tundu milele. Pamba kinyume chake hunywa maji, nyuzi zake zikavimba, na matundu yakajifunga yenyewe. Ndiyo maana hema la pamba huvuja katika dakika za mwanzo za mvua, kisha likanyamaza. Fundi wetu alichagua pamba bila ya kusita, ya uzito wa gramu 500 hadi 600 kwa mita mraba. Tunakubaliana naye kwa gari la watu. Kwa gari la kubebea saruji au majani ya ng'ombe, plastiki inatosha.

Pamba isiyotiwa dawa ina tabia ya kunywea. Anayeikata ikiwa mpya na kuishona sawasawa na kipimo cha gari atafurahi mpaka mvua ya kwanza, kisha atakuta turubai halifiki kwenye kulabu zake. Kwa hiyo iroweshwe kwanza usiku kucha, ianikwe ikauke, ndipo ikatwe. Jambo hili ni dogo na limewaaibisha mafundi wengi.

Kipimo kichukuliwe juu ya gari lenyewe. Inajulikana kwamba chesi fupi ina inchi 88, yaani sentimeta 223 na nusu, kutoka ekseli hadi ekseli, na ndefu ina inchi 109, karibu sentimeta 277. Lakini gari lililotumika miaka arubaini katika barabara zetu halifanani tena na kitabu chake. Bodi imepinda, matao yamelala upande mmoja, na fremu ya kioo cha mbele haiko wima. Chukua shuka kuukuu, zitandaze juu ya matao, zibane kwa pini na vibanio vya nguo, uchore kwa chaki mahali pa kila pindo na kila kulabu. Zikiisha kuvuliwa na kutandazwa chini, shuka hizo ndizo kigezo, na juu ya kigezo hicho huongezwa vidole vitatu pande zote kwa ajili ya upindo.

Paa hukatwa vipande vitatu, yaani kifuniko cha juu na mbavu mbili, na baada ya hapo pazia la nyuma. Kwa kitambaa chenye upana wa mita moja na nusu, mita 8 zitatosha kwa chesi fupi, na viraka vikapatikana humo humo. Mshono wa kuunga kifuniko na ubavu usiwe juu ya pembe ya tao. Hapo ndipo kitambaa kinaposuguliwa na chuma mchana kutwa. Ushushwe vidole vinne chini ya pembe. Tena ukingo wa kifuniko ulale juu ya ubavu, si ubavu juu ya kifuniko. Aliyewahi kuezeka nyumba ya makuti haelezwi jambo hili mara mbili, kwani anajua kwamba huanza chini akipanda, ili kuti la juu lilimwagie la chini. Hata hivyo tumeona paa la gari lililoshonwa mjini, kwa bei ya mjini, ambalo kila mshono wake ulikuwa mfereji wa kuingizia maji ndani.

Mshono wenyewe ni ule wa tanga. Kingo mbili zinakunjwa moja ndani ya nyingine, zikapigwa nyuzi mbili sambamba. Cherehani ya kukanyaga, ile nyeusi ya chuma iliyomo katika nyumba nyingi za visiwani, inaweza kazi hii ikitiwa sindano namba 18 na ikiendeshwa taratibu. Pale kingo zinapokutana na tabaka zikafika nane, mwache mguu, uzungushe gurudumu kwa mkono. Uzi uwe wa poliesta uliofunikwa pamba. Nailoni ni imara siku ya kwanza, lakini jua letu huila upesi. Hatua za mshono zisiwe ndogo kupita kiasi. Zikikaribiana sana hufanya kazi ya matundu ya stempu, na kitambaa kikachanika katika mstari ulionyooka. Hilo ndilo lililolipata turubai la chini ya mwembe pale liliposhonwa mara ya pili.

Kwenye kingo za chini fundi wetu alisema atatia dasi, kama inavyotiwa katika tanga, ili nguvu ya kamba ivutwe na kamba mwenzake wala si kitambaa. Hatujaona jambo hilo katika turubai la kiwandani, ambalo hutegemea upindo na mikanda. Pengine ni zaidi ya haja, lakini ni zaidi ya haja ya upande ulio salama. Matundu ya kupitishia kamba yatiwe pete za shaba, kwa kuwa za chuma zitaacha alama ya kutu na kuozesha kitambaa kandokando yake.

Dawa ya kuzuia maji ni mlango mrefu na kila fundi ana yake. Iliyo nyepesi na ya zamani ni sabuni na shabu. Turubai hupakwa maji mazito ya sabuni ya mche, likaachwa likauke kidogo, kisha likapakwa maji ya shabu iliyoyeyushwa. Viwili hivyo vikikutana ndani ya nyuzi hufanya kitu kisichoyeyuka tena katika maji. Wengine hutumia nta. Mwenye kuyeyusha nta aiweke katika chombo ndani ya sufuria ya maji ya moto, asiiweke juu ya moto wenyewe, wala asichanganye na petroli kama tulivyoona vijana wakifanya. Na mwenye kutumia mafuta ya kitani aanike matambara aliyopakia mahali pa wazi. Yakirundikwa pembeni mwa karakana huweza kupata joto yenyewe na kuwaka bila ya kiberiti.

Tumeacha pazia la nyuma hadi sasa kwa makusudi, kwani ndilo lenye kuhusu roho za watu. Gari linapokwenda, hewa ya nyuma yake huzunguka na kurudi ndani. Pazia likiwa wazi na madirisha ya mbele yamefungwa, vumbi la barabara na moshi wa injini huvutwa ndani walipokaa abiria. Katika moshi huo, hasa wa petroli, imo hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo kwanza humpa mtu kichwa na usingizi, kisha humchukua. Mgonjwa aliyelazwa sakafuni, au mama mwenye mtoto mchanga anayepelekwa hospitali usiku, hawezi kutambua kama usingizi huo ni wa maradhi yake au ni wa gari. Ama pazia lifungwe lote kwa mikanda, ama lifunguliwe pamoja na madirisha ya mbele ili hewa ipite moja kwa moja. Na kabla ya yote hayo, bomba la moshi litazamwe kama limetoboka. Dirisha la plastiki angavu katika pazia liwe dogo, kwani jua huligeuza la manjano na mkunjo huligawa vipande.

Wapo maofisa watakaosema kwamba paa la kushonwa kienyeji halina usalama. Tunawajibu kwa sehemu tu, maana kwa sehemu wana haki. Matao ya turubai, yawe ya Solihull au ya Mkoani, hayamkingi mtu gari likipinduka, na asiyeliona hilo asipewe watoto wa skuli awabebe. Wala hatusemi kwamba gari la wagonjwa liwe la turubai milele. Tunachosema ni kwamba gari lenye turubai la fundi wetu si hatari zaidi ya lile lililotoka na turubai la kiwanda, na lina faida kubwa kuliko lisilotembea. Chanjo nyingi zinatakiwa zikae baina ya nyuzi 2 na 8 za joto. Sanduku la chanjo lililowekwa katika gari lisilo na paa, saa saba mchana, kwenye njia ya Makangale, halifiki kama lilivyoondoka.

Sasa tufike kwenye swali la tatu la fundi, la nani atalipa na lini. Alituambia kwa upole kwamba aliwahi kushonea idara fulani chandarua cha sherehe, akalipwa baada ya miezi saba, na kwa muda huo alikopa kitambaa cha kazi nyingine kwa ahadi. Tangu hapo akiona gari lenye namba za Serikali linasimama mbele ya banda lake, hukumbuka shughuli msikitini. Tulicheka, naye akacheka, lakini jambo lenyewe si la kuchekesha. Fundi wa cherehani moja hana akiba ya kuikopesha Serikali. Kanuni za manunuzi zina nafasi ya kazi ndogo zinazotolewa kwa mafundi wa karibu. Mkuu wa karakana anayezijua kanuni hizo hashindwi kumpa fundi nusu ya malipo kitambaa kinapokatwa na nusu pale turubai linapomwagiwa maji ndoo kumi mbele ya shahidi bila ya kuvuja. Jaribio hilo la ndoo tunalipendekeza kwa dhati. Halihitaji mtaalamu kutoka ng'ambo, na linaumbua uvivu kwa dakika tano.

Tungeongeza ombi moja kwa wakuu wa karakana za Unguja na Pemba. Kigezo cha shuka kikiisha kutumika kisitupwe. Kitiwe alama, kioshwe, kitundikwe ukutani pamoja na spana, kimoja cha chesi fupi na kimoja cha ndefu, ili gari la pili lisianze upya. Na dereva akabidhiwe turubai lake kama anavyokabidhiwa jeki. Asilikunje likiwa bichi, maana pamba iliyofungwa na maji huota ukungu kwa muda wa siku chache tu. Alegeze kamba mvua inapoanza, kwani kamba za katani na pamba zikirowa hukaza na kupasua matundu. Na kila baada ya masika apitishe nta juu ya mishono.

Fundi yuko tayari. Alikwenda mwenyewe chini ya mwembe siku ya pili yake, akapima kwa pima na shibiri, akawafukuza kuku, akahesabu kulabu zilizobaki akazikuta kumi na moja. Anadai mita 8 za pamba nzito, vibiringo vinne vya uzi, pete za shaba arubaini, na siku tano. Karatasi yenye hesabu hiyo aliiacha mezani kwa karani wa ofisi, ikawekewa jiwe juu isipeperuke.